Mchezo Wako wa Kwanza wa Ubao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mtu anapogundua kwamba nabuni michezo. Mengine niliwahi kuyauliza mwenyewe. Mifano mingi nimeitoa kwenye mchezo wangu wa kwanza, wa majahazi yanayobeba shehena kati ya visiwa, ambao ulikuwa mbovu hadi sampuli (toleo la kujaribia) ya saba. Swali likiwa limeshajibiwa kwingine, nimekuelekeza huko.

## Kabla ya kuanza

Sijui kuchora, na hesabu hazinipendi. Bado naweza kubuni mchezo?

Unaweza. Kuchora ni kazi ya mwisho kabisa, na mara nyingi hufanywa na mtu mwingine. Hesabu utakayoihitaji ni ya kujumlisha, kugawanya na asilimia kidogo. Klaus Teuber alikuwa fundi wa meno bandia alipobuni Catan, mchezo wa ubao uliotoka Ujerumani mwaka 1995. Michezo yake aliifanya baada ya saa za kazi na kuijaribu na watu wa nyumbani kwake.

Kipaji ambacho hakina mbadala ni kukaa kimya ukitazama watu wakicheza kitu chako visivyo.

Nianze na hadithi au nianze na kanuni?

Popote pale, mradi ndani ya siku moja uweze kujibu swali hili: mwenye zamu anafanya nini? Watu huniletea kurasa kumi za historia ya falme zinazopigana, nikiuliza hilo wanasita. Mwingine huja na namna mpya ya kuchanga karata, lakini hajui inamhusu nani. Wa pili yuko karibu zaidi na mchezo.

Andika sentensi moja: "Katika zamu yangu nachagua kati ya hiki na hiki, na nikichagua hiki nakosa kile." Ikikamilika, una mbegu. Yangu ilisema: "Nachagua kupakia shehena zaidi au kuondoka bandarini kabla ya wengine, na nikichelewa bei inashuka." Bila ubao wala jina, mchezo ulikuwa umeshaanza.

Mchezo wa kwanza uwe mkubwa kiasi gani?

Mdogo kuliko unavyotaka. Karata zisizozidi 54, au ubao mmoja na kete za aina mbili, na usizidi dakika 30. Sababu ni hesabu tu: mchezo wa dakika 30 unaweza kuujaribu mara tatu jioni moja na kurekebisha kati ya raundi na raundi. Mchezo wa saa tatu utaujaribu mara moja, na watu wale wale hawatarudi wiki ijayo.

Wangu ulianza na karata 140 na shehena za aina saba. Katika jaribio la kwanza mchezaji mmoja alilala usingizi. Ulipobaki na aina nne na karata 48, watu wakaanza kugombana juu ya karafuu, na hapo nikajua pana kitu.

Nitajuaje mchezo utachukua muda gani kabla ya kuucheza?

Zidisha wachezaji kwa raundi kwa muda wa zamu moja. Watu wanne, raundi kumi, dakika moja na nusu kwa zamu: dakika 60. Kisha tazama namba ya pili ambayo wengi huisahau, yaani muda wa kusubiri. Hapo kila mtu anakaa dakika nne na nusu akiwatazama wenzake, na simu zitatoka mfukoni. Ama fupisha zamu, ama mpe asiye na zamu kazi: kupiga mnada, kukubali au kukataa biashara, kuchagua karata kwa siri.

## Kiini cha mchezo

Kwa nini mchezo wangu unafanya kazi lakini hauna raha?

Mara nyingi ni kwa sababu hauna uamuzi. Katika nyoka na ngazi mchezaji hachagui chochote. Ungeweza kumwachia paka arushe dadu na matokeo yangekuwa yale yale. Watoto wadogo hufurahia kwa sababu kwao kuhesabu hatua ni kazi tosha. Mtu mzima anataka kuchagua.

Lakini kuchagua peke yake hakutoshi. Uamuzi mzuri una sifa mbili: mchezaji anajua kidogo kitakachofuata, ila hajui chote. Akijua chote, anapiga hesabu tu. Asipojua lolote, anabahatisha. Jaribu hivi: pitia zamu za mchezo wako na kila moja ujiulize kama mchezaji hodari angewahi kuchagua tofauti na ulivyochagua. Ukiona zamu tano mfululizo jibu ni "hapana", zifute au uziunganishe ziwe moja.

Je, dadu ni kitu kibaya?

Hapana, ila lazima ujue unaziweka wapi. Bahati ikija kabla ya uamuzi, mchezaji anapokea hali fulani na kujipanga: narusha dadu, napata 4, naamua niitumie wapi. Ikija baada ya uamuzi, inaweza kufuta akili yote: nimepanga zamu tatu, narusha, nimeshindwa. Aina zote mbili zina nafasi zake, lakini ya pili iwe haba, au mchezaji aweze kuipunguza makali kwa gharama fulani.

Jifunze pia umbo la dadu mbili. Kuna michanganyiko 36. Jumla ya 7 hupatikana kwa njia 6, jumla ya 6 au 8 kwa njia 5 kila moja, na 2 au 12 kwa njia moja tu. Catan imejengwa juu ya jambo hilo: vibao vya namba vina nukta zinazoonyesha namba ipi hutoka mara nyingi, na 7 huleta mnyang'anyi, kipande kinachozuia eneo lisitoe mali.

Na tafadhali, usimfanye mtu asubiri 6 ndipo aanze. Baada ya zamu sita, theluthi moja ya wachezaji bado hawajaipata. Kwenye meza ya watu wanne uwezekano ni takriban asilimia 80 kwamba angalau mmoja bado amekaa bure.

Namba za mwanzo nazitoa wapi? Kwa nini kitu kiwe na alama 5 na si 8?

Chagua kipimo kimoja na upimie kila kitu kwacho. Mimi hutumia tendo: kile ambacho mchezaji anaweza kufanya mara moja katika zamu. Kwenye majahazi, karata ya chumvi ilihitaji matendo 3 na kutoa alama 5, yaani alama 1.67 kwa tendo. Karata ya vitambaa ilihitaji matendo 6 na kutoa 8, yaani 1.33. Hakuna aliyegusa vitambaa, na nilidhani tatizo ni picha. Nilipopandisha hadi 11, yaani 1.83, karata ikaanza kugombewa. Kazi ndefu lazima ilipe zaidi kidogo kwa kila tendo, kwa sababu mwenye kuifanya anabeba hatari ya mchezo kuisha kabla hajamaliza.

Namba hizo ni za kuanzia tu. Majaribio ndiyo yatakayozisahihisha, na unapobadilisha, badilisha kwa ukubwa. Ukitoa 5 ukaweka 6 hutaona tofauti. Weka 10 uone kinachovunjika, kisha urudi nyuma.

Anayeanza anashinda mara nyingi mno. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha ni kweli: andika mshindi na nafasi yake katika kila mchezo, kwa sababu kumbukumbu hudanganya. Ikiwa ni kweli, tatizo lako ni la kale na dawa zake zipo. Kwenye Go, mchezo wa ubao wa Asia Mashariki, mwenye mawe meupe, anayecheza wa pili, hupewa alama za fidia: 6.5 Japani, 7.5 China. Ile nusu huzuia sare. Kwenye michezo ya watu wawili kama Hex hutumika kanuni ya mgawanyo: wa kwanza anacheza hatua moja, wa pili anaamua kama ataichukua hatua hiyo iwe yake. Ni kama watu wawili wanaogawana kipande: mmoja anakata, mwingine anachagua.

Kwenye michezo ya wengi, njia rahisi ni kumpa wa mwisho sarafu au karata ya ziada mwanzoni, na kuhakikisha raundi inakamilika ili wote wapate zamu sawa.

Mtu akitangulia hashikiki tena. Wengine wanakata tamaa.

Tafuta mahali ambapo ushindi unazaa ushindi. Kwangu, aliyeuza kwanza alinunua jahazi la pili, akabeba mara mbili, akanunua la tatu. Unaweza kukata mnyororo huo kwa kutenganisha mali na alama, ili kinachokusaidia kukua kisiwe ndicho kinachokupa ushindi. Au mpe aliyetangulia zamu mbaya: mchezo wa Power Grid wa Friedemann Friese humfanya anayeongoza anunue malighafi wa mwisho, wakati bei imeshapanda.

Njia ambayo siipendi ni ile ya kuwapa wote nguvu ya kumshambulia kiongozi. Inafanya kazi, lakini kila mtu anajificha nafasi ya pili akingoja dakika za mwisho, na mchezo unakuwa wa kujifanya mnyonge.

Nataka wachezaji wote washirikiane dhidi ya mchezo wenyewe. Kuna mtego?

Upo mmoja mkubwa: mjuaji mmoja anawaamrisha wengine, nao wanabaki kusogeza kete kama makarani. Dawa inayofanya kazi ni kugawanya habari. Katika mchezo wa karata wa Hanabi wa Antoine Bauza, kila mchezaji hushika karata zake zikiwatazama wengine, haoni zake mwenyewe, na vidokezo vina kikomo. Mjuaji hawezi kuamrisha kila kitu kwa sababu kuna asichokiona.

## Sampuli ya kwanza

Nahitaji vifaa gani?

Karatasi, penseli, mkasi, dadu mbili, na vitu vidogo vya rangi tofauti: vifungo vya nguo, maharagwe, vifuniko vya chupa. Ukiwa na karata za kawaida za kuchezea, ziingize kwenye mifuko yake ya plastiki na utangulize kipande cha karatasi mbele ya kila moja. Karata zinakuwa ngumu, zinachangika vizuri, na ukitaka kubadilisha namba unachomoa karatasi tu.

Andika kwa penseli, hata kama una kompyuta. Sampuli iliyochapwa vizuri hukufanya uionee huruma, na mjaribu naye huona aibu kukwambia kwamba nusu ya karata hazina kazi. Ile mbaya inakaribisha kalamu nyekundu.

Ubao wangu uwe wa miraba au wa pembe sita?

Kwenye miraba, kuna swali la mshazari. Ukiukataza, kusafiri kwa kona kunachosha. Ukiuruhusu, mtu anasafiri umbali wa takriban 1.41 kwa bei ya hatua moja. Drafti na sataranji zimeligeuza hilo kuwa sehemu ya mchezo, lakini kwa safari na vita, pembe sita ni safi zaidi: majirani sita, wote kwa umbali mmoja.

Kuchora pembe sita kwa mkono ni adhabu. Chora mistatili iliyopangwa kama matofali ya ukuta, kila mstari umesogea nusu. Kila tofali linagusa mengine sita, na mchezo hautajua tofauti.

Kuna programu za kunisaidia?

Jedwali la kompyuta kwa orodha ya karata, kila karata mstari wake. Inkscape kwa kuchora, ni ya bure. nanDECK huchukua jedwali lako na kutoa karata zilizopangwa tayari kuchapwa; sura yake inatisha kidogo lakini inaokoa siku nzima. Wenzako wakiwa mbali, Tabletop Simulator na Tabletopia hukuwezesha kuweka ubao na karata mtandaoni mkacheza pamoja.

## Kujaribu

Nianze kuujaribu na nani?

Wewe mwenyewe. Kaa upande huu, kisha hamia ule, cheza kama watu watatu tofauti: mwenye tamaa, mwoga, na mkorofi anayetafuta mwanya. Makosa makubwa, kama karata kuisha kabla ya raundi ya tatu, yakamate hapo. Hakuna haja ya kuwaita watu waje kuyatazama.

Kisha ndugu na marafiki. Watumie kujua kama mchezo unachezeka, lakini sifa zao zipunguze. Mcheza kwao hutunzwa. Shangazi yangu aliusifu mchezo ambao, nilikuja kugundua, hakuelewa jinsi ya kushinda. Baada ya hapo tafuta wasiokuwa na sababu ya kukupenda.

Wakati wa jaribio nifanye nini?

Nyamaza na uandike. Andika muda wa kuanza na kumaliza, zamu ambapo mtu alisita, kanuni waliyouliza mara mbili, na mahali walipocheka. Usitetee. Mtu akikosea kanuni na mchezo ukaendelea vizuri, mwache kwanza. Kosa lake huenda ni bora kuliko kanuni yako. Kanuni ya kubadilishana shehena baharini ilizaliwa hivyo, mchezaji alidhani inaruhusiwa.

Mwishoni usiulize "mmeupenda?" Watasema ndiyo. Uliza: ni lini ulijua umeshindwa? Ni karata ipi hukuitumia? Ukicheza tena utafanya nini tofauti? Jibu la swali la mwisho likiwa "sijui", rudi kwenye swali la uamuzi hapo juu.

Wajaribu wananishauri mambo yanayopingana. Nimsikilize nani?

Sikiliza malalamiko, shuku tiba. Mmoja akisema ongeza karata na mwingine akisema punguza raundi, huenda wote wawili wanasema kwamba katikati ya mchezo pana uchovu. Ugonjwa ni mmoja. Dawa utaitafuta wewe, kwa sababu wewe ndiye unayejua sehemu nyingine zimefungwa wapi.

Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio. Ukibadilisha vitatu na mchezo ukapona, hutajua kilichouponya.

Jaribio la kimya ni nini, na ni la lazima?

Ni kuwakabidhi watu boksi, kijitabu cha kanuni, na wewe kutosema neno tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo, ni la lazima, kwa sababu hutaingia ndani ya boksi kwenda nyumbani kwa kila mnunuzi. Lifanye angalau na makundi matatu tofauti. Kundi lililokwishasoma kanuni halifai tena kwa kazi hii. Kila kundi ni la mara moja tu, kama kiberiti.

## Kuandika kanuni

Kwa nini kanuni zangu hazieleweki ilhali ziko wazi kabisa?

Ziko wazi kwako kwa sababu mchezo unao kichwani. Mchezo wa Kifalme wa Uru, mji wa kale wa Iraki, wa takriban mwaka 2600 KK, ulipatikana makaburini katika miaka ya 1920 ukiwa na ubao na kete, lakini kanuni hazikuwepo. Mwanga ulikuja kutoka kibao cha udongo cha Babeli cha mwaka 177 KK, kilichosomwa na Irving Finkel wa British Museum, na hata hivyo sehemu za kanuni ni za kukisia. Msomaji wako yupo katika hali hiyo: ana vipande, wewe haupo.

Mpangilio unaosaidia: mchezo unahusu nini, unashindaje, boksi lina nini, kupanga meza (kwa picha), zamu moja hatua kwa hatua, mwisho wa mchezo, kuhesabu alama. Namna ya kushinda ije mapema. Bila hiyo, kila kanuni inayofuata ni habari isiyo na mahali pa kuning'inia.

Kuna mitego ya Kiswahili chenyewe?

Ipo, na hakuna anayekuonya. "Karata", "kete" na "dadu" hazibadiliki kwa umoja na wingi. Ukiandika "chukua karata", mmoja atachukua moja na mwingine atachukua tatu, na wote wamekutii. Taja idadi kila mara: "chukua karata moja", "toa kete zako zote".

"Mwenzako" ni tatizo jingine: ni mshirika au mpinzani? Tumia "mpinzani" au "mchezaji mwingine yeyote". "Anayefuata" halisemi upande. Andika "aliye kushotoni kwako". Na usichezee maneno kwa ajili ya urembo: ukianza na "shehena", isije ikageuka "mzigo" ukurasa wa tatu. Mwandishi wa hadithi hubadilisha maneno msomaji asichoke. Kwenye kanuni, neno jipya ni kitu kipya.

Tofautisha pia "anaweza" na "lazima". Nusu ya ugomvi wa mezani ninaoujua umetoka hapo.

## Kuchapa na kutengeneza

Karata ziwe na vipimo gani?

Kipimo cha poka ni milimita 63 kwa 88. Karata tisa zinaenea kwenye A4 moja, kwa hiyo karata 54 ni kurasa sita. Wachapaji wengi wa karata hupanga mashine zao kwa karata 54 au 55 kwa shiti (karatasi kubwa ya uchapaji), ndiyo maana nilipendekeza idadi hiyo mwanzoni: karata ya 56 inaweza kukugharimu shiti zima.

Faili liwe na ubora wa nukta 300 kwa inchi, rangi za mfumo wa CMYK (wino nne za uchapaji), na picha ivuke ukingo wa karata kwa milimita 3 kila upande, kwa sababu kisu cha kukatia hakikati palepale kila mara. Maandishi nayo yakae ndani, mbali na ukingo kwa milimita 3 au zaidi. Ukichapa nyumbani pande zote mbili, migongo itapishana kidogo; tumia mgongo usio na fremu.

Kuna jambo gani wabunifu wa mara ya kwanza husahau?

Macho ya watu. Katika jamii zenye asili ya Ulaya, takriban mwanamume 1 kati ya 12 ana upungufu wa kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani. Rangi isiwe alama pekee: ipe kila shehena umbo lake. Kisha weka sampuli mezani, simama, uone kama unasoma karata iliyo upande wa pili.

Naandikaje umri kwenye boksi?

Uzito wa mchezo ni jambo moja, sheria ni jingine. Umoja wa Ulaya huhesabu vitu vya kuchezea vya walio chini ya miaka 14 kuwa vya kupimwa usalama. Marekani kikomo ni bidhaa za watoto wa miaka 12 na chini yake. Ndiyo maana boksi nyingi huandikwa 14+ hata kama mtoto wa miaka 9 angeelewa mchezo. Vipande vidogo ni hatari ya kukaba kwa walio chini ya miaka 3, bila kujali umeandika nini.

## Haki na kuuza

Nikionyesha mchezo wangu, hawataniibia wazo?

Mficha uchi hazai. Mchezo usioonyeshwa haujaribiwi, na usiojaribiwa hauna cha kuibwa. Wachapishaji wana rundo la michezo iliyokwishakamilika. Hawana shida ya mawazo. Ukimtaka mchapishaji atie saini hati ya siri kabla ya kukusikiliza, wengi watakataa tu.

Sitakudanganya kwamba haijawahi kutokea dhuluma. Elizabeth Magie alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya The Landlord's Game mwaka 1904, mchezo wa kuonyesha ubaya wa ukiritimba wa ardhi. Ulisambaa, ukabadilishwa mikononi mwa watu, na mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers wakauza Monopoly kwa jina la mbunifu mwingine. Hataza yake waliinunua kwa dola 500. Tazama lakini kilichomponza: wazo lake lilijulikana kwa wengi, ila jina lake halikwenda nalo. Weka jina na tarehe kwenye kila sampuli, na hifadhi matoleo ya zamani.

Naweza kutumia namna ya kucheza ya mchezo mwingine?

Kwa jumla, hakimiliki hailindi wazo wala namna ya kucheza. Inalinda maneno ya kanuni, picha na usanifu. Kwa hiyo unaweza kutumia mnada, kurusha dadu au kupanga vigae, ila usinakili kijitabu wala michoro. Majina yanaweza kuwa alama za biashara zilizosajiliwa. Hataza za michezo zipo lakini ni chache. Richard Garfield aliwahi kupewa moja kwa mambo yaliyotoka kwenye mchezo wake wa karata, Magic: The Gathering. Ukiwa na fedha nyingi hatarini, muone mwanasheria.

Nimpelekee mchapishaji au nichape mwenyewe?

Ukipenda kubuni, mpelekee mchapishaji. Mgao wa mbunifu mara nyingi ni asilimia 5 hadi 8 ya kile mchapishaji anachopokea kwa bei ya jumla. Ni kidogo, lakini yeye ndiye anayebeba uchoraji, uchapaji, ghala na hasara. Ndani ya mkataba hakikisha kuna kipengele kinachorudisha haki zako asipouchapa ndani ya muda fulani, vinginevyo mchezo utafia kabatini kwake.

Ukichapa mwenyewe, unaanzisha biashara ya kusafirisha maboksi. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba bei ya rejareja iwe karibu mara tano ya gharama ya kutengeneza kipande kimoja, maana duka, msambazaji na usafiri wote wanakula humo. Kuchangisha fedha kabla, kupitia Kickstarter, iliyoanza mwaka 2009, au nyinginezo, kunapunguza hatari ya kuchapa vingi visivyouzika. Hakuondoi gharama ya posta, ambayo imewafilisi watu waliofikisha lengo lao. Pima boksi kwa mizani kabla ya kutangaza bei.

## Mambo ya pembeni

Nimekuta mchezo unaofanana na wangu. Niache?

Ucheze kwanza. Mara nyingi kinachofanana ni mada, na uamuzi wa ndani ni tofauti. Ukikuta ni ule ule kabisa na ni mzuri kuliko wako, umepata mwalimu: ona walikata nini ambacho wewe bado umekikumbatia.

Mchezo wangu ni mzuri kwa watu wanne, lakini kwa watatu ni balaa.

Watatu ni idadi ngumu: wawili wakielewana, wa tatu amekwisha. Kama mchezo una mashambulizi ya moja kwa moja, punguza uwezo wa kuchagua mwathirika. Kwa mfano, kila mtu amshambulie aliye kushotoni tu. Au andika kwa ujasiri "wachezaji 2 au 4". Boksi linalosema ukweli halirudishwi dukani.

Nataka kutengeneza mchezo wa maneno kwa Kiswahili. Nihesabuje herufi?

Alfred Butts, aliyebuni mchezo uliokuja kuwa Scrabble, alihesabu herufi kwenye magazeti ya Kiingereza. Usichukue hesabu yake. Chukua njia yake. Fungua kurasa kadhaa za Kiswahili cha kawaida uhesabu. Utaona A imetawala, Q na X hazina kazi, C haitembei bila H (kigae kimoja cha CH kinatosha), na irabu zinakaribia nusu ya vigae vyote kwa sababu karibu kila neno linaishia na irabu.

Tatizo gumu liko kwenye vitenzi. Mzizi mmoja unazaa "anakula", "walikula", "hatutakula", "asingekula", na kuendelea. Ukiruhusu vyote, mchezaji mwenye viambishi mkononi hakosi neno kamwe. Ukivikataza vyote, ubao unaganda. Nimejaribu njia mbili. Ya kwanza iliruhusu kitenzi chenye "ku" peke yake, na K na U zikawa dhahabu. Ya pili iliruhusu viambishi lakini vikatolewa kwenye hesabu ya alama, mzizi tu ndio unaolipa. Ya pili ilichezeka vizuri zaidi, ingawa ilituletea mabishano marefu kuhusu mzizi unaanzia wapi, na jioni moja hatukumaliza mchezo kwa sababu ya neno "kwenda".